Simu ya Tajiri

Msyuu! Eti uhuru wa kifedha. Kijana wetu mmoja wa hapa Manzese kalipa kiingilio, kaenda kukaa kwenye ukumbi wa viyoyozi, karudi kijiweni na msemo mpya: pesa ikufanyie kazi wakati umelala. Mama lishe, aliyekuwa anapita kukusanya vyombo vyake, akamuwahi: "Yangu mbona inakesha, baba? Ila inamfanyia kazi mwenye kausha damu."

Watu wakacheka, lakini mama hatanii. Tuseme umechukua huo mkopo wa kausha damu, laki moja. Unarejesha shilingi 4,500 kila siku kwa siku 30, Jumapili na sikukuu zimo. Piga mwenyewe: 135,000. Mvua ikinyesha watu wasije kula, 4,500 iko palepale. Ukiruka siku mbili tatu wanakuja wa vitambulisho shingoni, na bajaji wamekodi kabisa, wanabeba jiko la gesi na yale masufuria makubwa ambayo ndiyo ungepikia ili uwalipe. Huyu ukimuuliza uhuru ni nini, hakutajii nyumba wala gari. Anataka asikie hodi bila kuzima redio.

Mwalimu wa hapa kijiweni naye anastaafu mwakani, miaka 60 kamili, na ugonjwa wake una jina moja: kikokotoo. Alipoajiriwa alijua nusu ya mafao yake ataipata kwa mkupuo. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ikaunganishwa, ikaja asilimia 25. Wafanyakazi wakalia mpaka Rais Magufuli akaisitisha mwishoni mwa mwaka uleule. Mwaka 2022 ikaja 33, na bajeti ya 2024 ikawapandisha hadi 40 wale waliozoea nusu. Mwalimu ana msingi Kibaha ulioota majani. Kila asilimia ikishuka, anafuta chumba kwenye ramani. Ilipopanda karudisha choo cha ndani. Wanasema pensheni ya kila mwezi ndiyo salama, mzee asije akamaliza zote kwa mara moja. Sawa, hoja ipo. Lakini mtu aliyefundisha hesabu maisha yake yote, leo unamwambia hajui kugawa? Aka!

Kijana wa semina ananunua vipande vya UTT kwa simu, elfu kumi kumi. Hapo simcheki, Mfuko wa Umoja upo tangu 2005 na hauna makelele. Kinachoniudhi ni huu wimbo wao kwamba umaskini ni fikra. Fikra za mama lishe zina kasoro gani? Saa kumi alfajiri yuko kwenye moshi.

Halafu wasikilize vizuri wote hawa wa kijiweni, hakuna anayetaja kiasi. Kila mtu anamtaja mtu ambaye hataki tena kumjibu.

Dogo wa boda ndiyo kabisa. Pikipiki ya mkataba, hesabu 10,000 kwa siku, zaidi ya mwaka anaendesha hata na homa, na ikifika usiku hajatuma, tajiri mwenye pikipiki anapiga. Alikuwa anaipokea ile simu amesimama. Siku alipokabidhiwa kadi ya pikipiki, ikawa yake, alitununulia kijiwe kizima kahawa na kashata, akatangaza: sasa niko huru, hakuna wa kunipigia simu usiku.

Tukampongeza. Hazikupita wiki nyingi kakopa nyingine mpya, ile ya zamani kampa mtoto wa shangazi yake aliyekuja kutoka Singida. Kwa mkataba.

Jana mvua imenyesha kutwa, barabara mito. Usiku tumejibanza chini ya bati, dogo katoa simu, kaiweka spika kabisa ili wote tusikie.

"We, hesabu mbona siioni?"

Kule kijana wa watu anajieleza, mvua, kaka, abiria hakuna, nimeshinda kibandani. Mwalimu anamtazama dogo juu ya miwani.

"Mvua nimeiona," dogo akasema. "Kwani kwenye mkataba tumeandika mvua?"