Theluthi ya Mshahara, Njaa Nzima

Fao la kukosa ajira lililoanza Tanzania mwaka 2018, baada ya kufutwa lile la kujitoa, ambalo mwanachama alichukua akiba yake yote kabla ya uzee, lina imani kubwa na matumbo ya watu. Aliyechangia mfuko wa hifadhi ya jamii kwa miezi isiyopungua 18 kisha akaachishwa kazi hulipwa theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita. Jumla yake mishahara miwili. Mchango wenyewe ni asilimia 20 ya mshahara, wa mwajiri na mfanyakazi kwa pamoja, hivyo kwa miezi hiyo 18 mfuko umekwishapokea zaidi ya mishahara mitatu na nusu. Mwenye nyumba, bahati mbaya, hajaisoma sheria ya fao hilo: bado anadai kodi nzima, tena ya miezi sita mbele.

Wapo watakaosema akiba ni ya uzeeni, na kwamba fao nono huzaa uvivu. Hoja ya kwanza ina uzito, kwani wapo waliochukua chote ujanani wakazeeka mikono mitupu. Ila njia ya kufika miaka 60 hupitia jikoni. Ya pili inachekesha. Uvivu gani huo wa kulipwa theluthi, tena kwa sharti la kuthibitisha kwamba hujapata kazi nyingine? Aliyeacha kazi mwenyewe hana chake, hata kama mshahara ulichelewa hadi akausahau; huhesabiwa kuwa ameondoka kwa raha zake. Na wamachinga, bodaboda na mama lishe, ambao ndio wengi? Hao hawasumbuliwi na fomu. Hawawezi kukosa ajira ambayo hakuna aliyewahi kuihesabu.