Hesabu ya Viazi

Maombi ya ufadhili wa shahada ya kwanza katika sayansi, hisabati na uhandisi, Nakuru na vitongoji vyake, huanzia saiba, duka la intaneti. Mtahiniwa aliyezoa A ya hisabati kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, anayekokotoa kalkulasi bila kukuna kichwa, hukwama kwenye kisanduku cha kwanza kabisa: jina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Cheruiyot, cha mtihani Cheruyot, na kitambulisho cha baba Cherwiyot. Kompyuta haikubali kwamba hao ni ukoo mmoja. Kinachofuata ni safari ya kwa wakili, kuapa kwamba mtu ni yeye mwenyewe, na kiapo hicho hulipiwa.

Kizaazaa chenyewe kiko kwenye kipato. Mfumo wa serikali wa ufadhili wa vyuo vikuu ulioanza 2023 humpanga mwombaji kwa uwezo wa familia yake. Katika mpangilio wa bendi tano, bendi ya kwanza hupewa udhamini wa 70% na mkopo wa 25%, familia ikaachiwa 5%. Bendi ya tano familia hujitwika 40%. Sasa, familia ya Mau Narok haina kipato cha mwezi. Ina viazi. Viazi huuzwa kwa gunia, vikishavunwa, kwa bei ambayo dalali huitaja akiwa ameshapakia. Mzazi akiulizwa anapata ngapi kwa mwezi, hujibu, "Mwezi upi?" Swali hilo ni la kihisabati kuliko fomu yenyewe. Mhudumu wa saiba, mwenye foleni hadi mlangoni, huandika lolote lile, na fomu ikijazwa wiki ya mavuno, mkulima huamka tajiri.

Wafadhili wengine hudai insha: kwa nini uhandisi? Karibu kila mwombaji alifungua redio ya babu akiwa mdogo. Ni ajabu kwamba bado kuna redio zinazosikika Rift Valley. Ilhali anayetoka Naivasha amekua akiutazama mvuke wa Olkaria, unaozalisha umeme tangu 1981, na hautaji hata kwa neno moja.

Basari ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, hutaka pia muhuri wa chifu. Chifu yuko barazani, na muhuri uko mfukoni mwake. Mwombaji amfuate huko huko barazani, akiwa na fotokopi mbili na kalamu yake mwenyewe, kwa maana ofisi ya kupokea fomu hufungwa saa kumi na moja jioni.