Zipu Nyingi, Kiberiti Hakuna

Siku hizi mtu haendi porini kabla hajapita dukani. Zamani mrina asali wa huku kwetu Singida alichukua shoka, kamba, kibuyu cha maji na kijinga cha moto, akaaga, akaondoka. Wa leo anataka begi la mgongoni. Ndani ya begi kuna kibegi, ndani ya kibegi kuna kipochi, ndani ya kipochi kuna kimfuko cha zipu, na ndani ya kimfuko mna kikaratasi kinachoonya kwamba bidhaa hii isianikwe juani. Begi la porini lisianikwe juani! Waulete huo mzaha huku, mkoa ambao jua likichoka upepo unapokea zamu, tuone hilo begi litajificha wapi.

Ninafuga nyuki, na mizinga yangu iko upande wa Itigi, katika vile vichaka ambavyo wataalamu wa mimea wa dunia nzima wanavitaja kwa jina hilohilo la Itigi, na sisi tunaoingia humo tunavitaja kwa majina mengine yasiyoandikika gazetini. Usifikirie msitu wa miti mirefu unaopita chini yake huku unapiga mluzi. Ni vichaka vya mita tatu hadi tano, vimesukana kuanzia usawa wa goti, na havina mpango wa kumpisha mtu. Humo ndimo inapojulikana hili ni begi au ni pambo. Kila kinachoning'inia kinabaki: kamba za kukazia, vitanzi vya pembeni ambavyo hakuna aliyewahi kunieleza kazi yake, na chupa ya maji iliyokaa kwenye kimfuko cha wavu ubavuni. Kichaka hakina haraka. Kinavuta taratibu, wewe unasonga, na ukifika kwenye mzinga unakuta umeshapunguziwa mzigo bila kuomba.

Ukienda mnadani kutafuta begi la maana utampata muuzaji wa mtumba, na yeye atakupata wewe. "Karibu mzee wangu, belo limefunguliwa leo asubuhi, hili lilikuwa la juu kabisa." Niliyemwendea mimi alianza kufungua zipu. "Hapa simu, mzee. Hapa chaja. Hapa miwani. Hapa kalamu. Hapa funguo za gari." Nikamwambia sina gari. "Basi funguo za nyumba." Akafungua zipu iliyokuwa ndani ya zipu, akanionyesha mfuko mwembamba usioingia hata kitambulisho cha taifa, akasema huo ni wa siri. Nikamuuliza mzigo unakaa wapi. Akalitazama begi, akanitazama mimi. "Mzigo gani tena, mzee?"

Alikuwa na haki ya kushangaa. Begi la namna ile limeshajipakia lenyewe. Kila mfuko una kitambaa chake, bitana yake, pindo lake na zipu yake, na vyote hivyo vina uzito kabla hujaweka hata sindano. Lipe bomba la moshi la kufukizia nyuki, litaligomea. Lipe gambuti, mguu mmoja utaingia na mwingine utasafiri nje ukichungulia. Lakini ukiwa na kalamu saba, utahudumiwa vizuri sana.

Nisiwe mchoyo, mkanda wa kiunoni ni kitu chenye akili. Unautoa mzigo mabegani na kuukalisha kwenye nyonga, penye mifupa ya kazi, na mtu anaweza kutembea nusu siku bila shingo kulalamika. Sasa cha ajabu ni kwamba sehemu hiyo moja yenye akili ndiyo watu wanayoikata kwa wembe wakifika nyumbani, eti inasumbua. Vitanzi visivyojulikana kazi yake wanaviacha. Muuzaji wangu aliniambia mkanda ule ni wa kushikilia tumbo.

Na sisi watu wa huku tusifundishwe mizigo na mtu yeyote. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita hukuhuku, katika pori lililoitwa Mgunda Mkali, ambalo leo liko Manyoni na Itigi. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipita mwaka 1857, wakataja hadi Mdaburu ya hukuhuku. Stanley akafuata mwaka 1871. Wazungu hao wameandikwa vitabuni, lakini waliobeba ni wapagazi, Wanyamwezi wengi wao, na mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila 2 hivi, yaani kilo 32, na zipu ilikuwa haijazaliwa. Angalia walivyopanga. Vitambaa viliviringishwa vikawa mzigo mrefu wa mviringo, vikakazwa kwa kamba pamoja na fito, ili mpagazi akichoka ausimamishe mzigo kwenye mti na asihangaike kuuinua tena kutoka chini. Shanga zilikuwa na mifuko yake. Waya wa shaba ulikunjwa duara, ukaning'inizwa kwenye ncha mbili za mti wa begani. Kila bidhaa ilipewa umbo la kubebeka, na mwenye mzigo alijua kilichomo kwa kuutazama tu kwa nje. Hakuna mpagazi aliyesimamisha msafara katikati ya Mgunda Mkali akisema subirini kidogo, natafuta kijimfuko.

Hata leo kule Kilimanjaro, mgeni anakuja na begi la mamilioni lenye mikanda ya kila rangi. Mgumu, ndivyo wapagazi wa mlimani wanavyojiita, analitumbukiza begi zima ndani ya gunia, anafunga mdomo, anaweka kichwani, huyo anapanda. Mzigo anaoruhusiwa ni kilo 20, mbali na vitu vyake mwenyewe, na mizani iko getini. Lile begi la mamilioni linafika juu bila kuona mandhari. Hiyo ndiyo tathmini ya kitaalamu, na haihitaji maelezo.

Jirani zetu Wahadzabe wa Munguli, wilayani Mkalama, wameenda mbali zaidi. Mwanamume anatoka na upinde, mishale, kisu, labda na shoka. Basi. Moto ataupekecha hukohuko. Nisingependa kumweleza mtu wa namna hiyo maana ya mfuko wa miwani.

Lawama nyingine naipeleka kwenye kalenda. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, na mimi nakubali ilistahili, kwa sababu mbuzi wa mjini walishaanza kuila na upepo wetu ulikuwa umeipamba miiba yote ya mkoa kwa rangi ya bluu na nyeusi. Lakini ule mfuko wa rambo ulikuwa na siri yake. Ulifunga simu, ukafunga kiberiti, ukafunga sukari, mvua ikanyesha hadi ikachoka yenyewe. Tulipewa badala yake vile vimfuko laini vya rangirangi ambavyo tone la kwanza vinalikaribisha ndani na la pili vinalitafutia mahali pa kukaa. Sasa kinga ya mvua inauzwa kivyake, kwa bei yake, katika kimfuko chake, na kimfuko hicho nacho kina zipu.

Basi linaongeza ya kwake. Kutoka Singida mjini hadi Manyoni ni kilometa mia moja na ushee kupitia Ikungi, na konda hataki kuona begi kubwa ndani. "Buti, mzee, buti." Kwenye buti kuna vitunguu, kuna madumu ya mafuta ya alizeti na kuna tenga la kuku, kwa maana hapa ni Singida na kuku wetu wanasafiri kuliko wabunge. Begi lenye mikanda mingi likikaa karibu na tenga, mambo hayakawii. Mkanda mmoja unapenya kwenye fito, kuku anaukanyaga, basi linayumba, mkanda mwingine unazunguka mguu wa tenga. Nimeshusha begi pale Manyoni likaja na tenga zima, na mama mwenye kuku akashuka nyuma yangu akisema kwa sauti ya kusikika hadi dirisha la mwisho, "Baba, kuku wangu unawapeleka wapi?" Tulihangaika kuyatenganisha huku utingo akipiga ubavu wa gari. Mama alitaka kukata mkanda. Mimi nilitaka akate fito. Hatimaye jogoo akaamua mwenyewe, akauachia.

Lakini aliyenimaliza ni mpwa wangu. Huyu ni mtoto wa dada yangu, anakaa Dar es Salaam, alikuja likizo akataka kuona asali inavyorinwa. Alishuka na begi jeusi mgongoni, na kiunoni mkanda uliojaa vipochi vya madoadoa ya kijeshi, kila kimoja kina utepe wa kunata unaolia krrrr ukiuvuta. Nikamsimamisha mlangoni. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi liliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi yanayofanana na sare zake, na mimi sina mpango wa kwenda kubishana na mwanajeshi njiani kama kipochi nacho ni vazi.

"Anko, hii ni sistimu," akasema. "Kila kitu kina namba yake."

Nikamwambia sistimu hiyo haivuki kizingiti changu, aipeleke mwenyewe panapohusika. Akavihamishia vitu vyote kwenye begi jeusi, akinung'unika kwamba mpangilio umevurugika.

Tunarina jioni, giza likianza kushika, kwa sababu nyuki wetu wa Afrika hawapendi wageni wa mchana. Tulifika kwenye mzinga tumechanwa vya kutosha. Bomba nilishalijaza kinyesi kikavu cha ng'ombe na maganda ya miti, nimeshavaa wavu na glavu, kilichobaki ni moto. Nikamwambia alete kiberiti.

"Kilikuwa kwenye pochi namba nne, Anko."

Akafungua zipu ya kwanza, ikatoka chaja. Ya pili, miwani ya jua, na jua lilikuwa limeshazama. Ya tatu, dira. Ya nne, filimbi. Ya tano, pipi za maziwa. Akavuta utepe wa begi, maana nalo lilikuwa nao, krrrr, na mzingani nako wakajibu kwa sauti ambayo anayewajua nyuki haisubiri mara ya pili. Nikamwambia kwa utaratibu, baba, hebu acha huo utepe. Akawasha tochi ya kichwani ili aone vizuri, na walinzi wa mzinga wakaona vizuri pia. Alikuwa amefunua wavu ili asome maandishi ya ndani ya begi. Tulitoka pale mbio. Mdomo wake wa juu ulivimba hadi ukawa mfuko mwingine, huo bila zipu. Kiberiti kilikuwa kwenye mfuko wa suruali yake. Hakupenda nilipocheka, na sioni sababu ya kuacha.

Mama watoto hajawahi kununua begi. Anapakia ndoo. Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko haiingizi maji, haichanwi na kichaka, ukichoka unaikalia, na ikitoka nyumbani na chakula na nguo inarudi na asali. Anaipanga kwa kanuni moja: kitakachohitajika mwisho kinaingia kwanza. Bomba la moshi, mafuta ya taa na sabuni haviruhusiwi hata kuisogelea, maana asali inanyonya harufu na unyevu, na mteja akionja tu anajua ilisafiri na nani. Hivyo vinakwenda kwenye kiroba peke yake. Kiroba kikiwa kitupu kinakunjwa na kuwekwa chini ya kiti cha bodaboda. Nilipomwuliza kwa nini hajawahi kunishauri hivyo miaka yote hii, alisema alidhani napenda zipu.

Tatizo la ndoo ni moja, mikono. Katika vichaka vya Itigi unahitaji mikono yote miwili, mmoja wa kusukuma tawi na mwingine wa kulinda jicho, na kichwani haikai kwa sababu njia ni ya kuinama. Inatakiwa ikae mgongoni, na hadi leo sijaona begi dukani wala mnadani ambalo ndoo ya lita 20 inaingia.

Kwa hiyo fundi yeyote wa Singida, Manyoni au Kiomboi mwenye cherehani ya kushonea turubai, nina kazi yako. Begi la turubai la rangi ya udongo, bila doadoa hata moja. Chini liwe duara, ndoo iingie ikae. Mdomo mmoja, mpana, wa kufunga kwa kamba. Mikanda miwili ya mabegani, mipana, na wa kiunoni usiusahau. Kwa nje mfuko mmoja tu, wa kiberiti, wenye kifuniko cha kuzuia mvua, uwe kwenye mkanda wa kulia usawa wa kifua, kwa sababu mkono wa kushoto unashika bomba. Vitanzi sitaki. Zipu sitaki hata ukiniwekea bure. Malipo ni nusu taslimu, nusu asali, na ndoo ya kupimia nitakuja nayo mwenyewe.