Macho Yapo, Mikono Ndiyo Haitoshi

Simu ya kwanza ya bosi wangu huingia kabla jogoo hajamaliza zamu yake. Anauliza kama nimeamka. Nikisema ndiyo, anauliza kama nimeamka kweli.

Mimi ni karani wa ghala huku Lukuledi, barabara ya Masasi kwenda Nachingwea. Msimu wa korosho ukianza Oktoba, mkulima anashusha mzigo wake, tunaangalia kama umekauka, tunapima, namwandikia stakabadhi, anakwenda zake kusubiri mnada. Kazi ya kawaida kabisa, ila bosi anaisimamia akiwa nyuma yangu, kidevu karibu na bega langu.

"Hiyo saba mbona kama moja?"

Nafuta, naandika saba yenye mkia.

"Sasa unafuta? Hati haifutwi!"

Namwambia basi nichukue karatasi nyingine. "Stakabadhi zina namba, kijana. Ukichana moja utajibu nini wakija wakaguzi?" Siku moja mzee wa Kimakua aliyekuwa kwenye foleni alituangalia wee, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, anayejifunza kazi hapa ni wewe au ni huyu?"

Nisieleweke vibaya. Usimamizi nauelewa, maana korosho ndiyo ada ya shule na bati la nyumba. Tunawajua watu wa kangomba, wanaomzungukia mkulima mwenye shida na kumnunulia kwa bei ya kutupa. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uingie kwenye korosho msimu wa 2007/2008, kilo moja inachunguzwa kuliko mposaji wa binti wa shehe. Inapimwa kwenye chama cha msingi, inapimwa tena ghala kuu, ubora unakaguliwa, ndipo mnunuzi ataje bei, na wakulima nao wana haki ya kuikataa. Kila hatua ina karatasi yake na sahihi yake. Hata mwaka 2018, Serikali ilipotangaza kununua korosho kwa Sh 3,300 kwa kilo na kuwaleta wanajeshi kuzisomba, hakuna mwanajeshi aliyeniuliza kwa nini nimechelewa kutoka chooni. Bosi wangu anauliza.

Akiwa hayupo ndiyo balaa. Akienda Masasi mjini anatusimamia kwa WhatsApp. Piga picha mzani. Piga picha magunia. Piga picha wabebaji wakiwa wamebeba. Wabebaji sasa wakiona simu yangu wanasimama na gunia kichwani, wanatabasamu, wanasubiri nimalize.

Mwishoni mwa Novemba, magunia yakiwa nje yanasubiri lori, wingu lilijikusanya upande wa Newala. Tukakimbilia turubai. Simu ikalia.

"Msifunike kwanza! Nataka kuona yalivyopangwa."

"Mkuu, mvua inakuja."

"Ndiyo maana nasema fanya haraka, nitumie picha."

Nikapiga picha. Mtandao ukawa unazunguka, nasi tumeshika pembe za turubai tukiuangalia unavyozunguka. Mvua haikusubiri mtandao. Kesho yake kutwa nzima tulikuwa tunamwaga korosho chini na kuzianika upya, maana korosho iliyolowa haiendi mnadani na mkulima hataki kusikia habari ya daraja la pili. Bosi aliporudi alituandikia barua kutaka maelezo ya kuchelewa kufunika. Kisha akafungua daftari jipya, Daftari la Turubai, lenye safu ya saa ya kufunika, saa ya kufunua na sahihi ya aliyeshika kila pembe.

Mwenzangu wa mzani akanipa ushauri: mchoshe. Usisubiri akuulize, wewe muulize kila kitu mpaka akome. Nikaanza. Mkuu, naomba ruhusa nigeuze ukurasa. Mkuu, kalamu hii imeisha wino, nichukue ya bluu au nyeusi? Mkuu, kuna inzi kwenye mzani, nimfukuze kabla ya kupima au baada? Nikategemea atafoka. Akanishika mkono, uso umemng'aa. "Sasa ndiyo unakua, kijana. Nilikuwa nakusubiri ufike hapa." Na akaagiza inzi apigwe picha.

Kwa hiyo dawa yake sina. Nilichonacho ni hesabu ya ghala. Wa kuangalia tumejaaliwa: yuko bosi, wako wakaguzi, wako wanunuzi, wako wakulima wenyewe, ambao hawapepesi jicho gunia lao likiwa mzanini. Wa kushona magunia wako wawili tu, na mmoja anaumwa mgongo. Basi wakubwa wetu, msimu huu mkija kutusimamia, karibuni sana. Lakini kila mtu aje na sindano yake na uzi wa katani.