Ombi la Kusajiliwa Kama Baa

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu,

YAH: LESENI YA BAA KWA WATU WASIOKUNYWA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunaanza kwa pongezi, maana umesogeza huduma karibu na wananchi kwelikweli. Kutoka stendi hadi zahanati mtu hakosi bia ya baridi, na akiikosa ujue umeme umekatika. Mgeni ashuke basi saa nne usiku, hajui hata mtaa mmoja, bodaboda wa kwanza atamfikisha kaunta. Sasa mgeni huyohuyo, asubuhi yake, kikombe kikimchezea mkononi, aulize wanaoacha pombe hukutana wapi. Ushauri pekee atakaoupata siku hiyo ni wa mlinzi wa geti: zimua.

Dirishani hospitali ataambiwa aende ustawi wa jamii. Ustawi wa jamii yuko semina. Akirudi atasema hilo ni la maendeleo ya jamii, nao watauliza kikundi ni cha wanawake, vijana au wenye ulemavu, kwa sababu asilimia 10 ya mapato ya ndani imegawanywa 4, 4 na 2, na chapombe wastaafu hawana fungu. Mwenye huruma atamwelekeza kwa wale wa dawa za kulevya. Tunawaheshimu sana, Muhimbili wametoa methadoni tangu 2011. Ila methadoni ni ya heroini, Mheshimiwa. Sisi ni wa gongo.

Safari inaishia kata: alete barua ya serikali ya mtaa, picha ya pasipoti imegongwa muhuri, na sababu ya ombi. Sababu huulizwa kwa sauti, mbele ya benchi la watu wanaosubiri barua za dhamana, mmoja wao mama mkwe wake. “Huyu wa pombe apite!”

Vikundi vya namna yetu vilianzia Akron, Ohio, mwaka 1935. Dalali wa hisa na daktari wa upasuaji, walevi wote wawili, waliona kwamba mlevi akikaa na mlevi mwenzake wakaambiana ukweli, siku inapita bila kunywa. Hakuna ada wala jina la ukoo. Sharti ni moja, kutaka kuacha. Ofisi zako zimeongeza la pili: muhuri.

Hivyo basi, kwa kuwa baa ndicho kitu pekee kisichopotea katika halmashauri hii, tunaomba tuwe baa. Jina tayari: Leo Sinywi Grosari. Ukuta utapakwa rangi na kampuni ya bia, bure, kama kuta zingine zote; hatuna kinyongo. Bango litawaka hadi saa sita mchana. Viti ni vya plastiki, vyekundu, na mguu wa meza utawekewa vizibo ili isiyumbe, tusije tukaonekana tunaringa. Kaunta itakuwa na nondo na kidirisha cha kupitishia chai ya tangawizi. Mhudumu atazungusha macho na kuuliza “niongeze?” kabla mtu hajameza. Runinga itaonyesha Simba na Yanga bila sauti ili anayezungumza asikike. Daftari la madeni litakuwepo pia, chini ya kaunta, limekunjamana: humo kila mtu ataandika anachodaiwa, ada ya mtoto aliyoinywa, cherehani ya mke aliyoiuza, nauli ya msiba wa baba ambayo haikufika stendi. Askari wa doria akipita Jumamosi kuchukua chake, atapewa kikombe na kiti. Akitaka kuzungumza, zamu yake itafika.

Ada ya leseni tutalipa yote. Sheria ya vileo ni ya 1968. Uzoefu wa kuruhusu mnao wa zaidi ya nusu karne.

Tunaomba pia choo. Na lile darasa tulilokuwa tukikutania, tuliloondolewa eti tunawapa wanafunzi picha mbaya. Uzio wa shule hiyo unapakana na kilabu cha komoni. Na ustawi wa jamii apumzike semina.

Viroba vilipopigwa marufuku Machi 2017 tulishangilia. Pakiti ziliondoka gengeni. Watu waliokwishanasa mkawaachia nani? Mtu aliyezoea kunywa kila siku akiacha ghafla bila daktari anaweza kuona visivyokuwepo, kukamatwa na kifafa, hata kufa. Mwenzetu mmoja hakuwa na wa kumwambia hivyo. Alijifungia chumbani aache kiume, na siku ya tatu mlango ukavunjwa. Fomu yake ilikuwa mezani kwenu, inasubiri sahihi. Mlikuja msibani na gari la halmashauri, mkahutubia vijana kuhusu madhara ya pombe, kisha mkaulizia mahali pa kupumzika. Mlielekezwa vizuri sana.

Samahani, Mheshimiwa, nimetoka nje ya mada. Ukaguzi wa bwana afya tunaupokea siku yoyote ya kazi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
(jina la kwanza tu, la ukoo amelifahamu mama mkwe)

Nakala: Mwenye grosari mkabala na zahanati, kwa taarifa. Ndiye anayetuletea wageni. Akiona mtu ameshika glasi muda mrefu bila kunywa, humnong’oneza tulipo. Tunamshukuru, na biashara yake isiyumbe.