Jiko la Kutazamwa

Nyumba za zamani za mtaa wa Kileleshwa, Nairobi, zile za vigae zilizobaki chache baada ya maghorofa kumeza viwanja, zilijengewa jiko nyuma, karibu na vyumba vya watumishi, ili moshi na mpishi wasionekane sebuleni. Leo jiko limeletwa mbele. Dari iko juu kama ya kanisa, kaunta ya graniti imetanda katikati, na taa tatu zinaning'inia juu ya bakuli la ndimu ambazo hakuna anayezikamua. Mwenye nyumba anataka, eti, jiko changamfu, la kumkaribisha mgeni.

Basi njoo Julai, wakati wa baridi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa moto hupanda. Anayefaidi joto la jiko hilo ni buibui wa darini. Mgeni anakunywa chai akiwa na koti mwilini.

Na omena? Thubutu! Zitaacha harufu makochini. Hizo hukaangwa jiko la pili, uani: kijumba kidogo, dari ya kugusa kwa mkono, sufuria zilizobonyea, makaa yanawaka. Dada wa kazi yuko huko, na watoto wote wako huko. Mbunifu wa nyumba hakulichora jiko hilo, wala hakulipwa senti kwalo. Ukialikwa, pitia nyuma.