Waungwana wa Chumba cha Giza

Wapo waungwana wa kamera ambao, ukiwauliza kwa nini hawachapi picha zao nyeusi na nyeupe kwa printa kama walimwengu wengine, hukutazama kwa huruma, kisha hukuhadithia fadhila za chumba cha giza, taa yake nyekundu, sinia zake za dawa, na ile harufu ya siki ambayo wake zao, kwa taarifa tulizonazo, hawajapata kuihusudu. Hoja yao kuu ni kwamba kompyuta ni kadhabu.

Basi na tumtaje imamu wao, Ansel Adams wa Marekani, aliyepiga picha ya mwezi ukichomoza juu ya Hernandez, New Mexico, mwaka 1941. Negativu ilikuwa moja tu. Lakini mbingu iliyokuwa na mawingu hafifu katika nakala za mwanzo ilizidi kutiwa kiza miaka ilivyosonga, akiikinga nuru huku na kuiachia kule, hata ikawa nyeusi tititi. Hilo, likitendwa kwa mkono gizani, ni sanaa. Likitendwa kwa kipanya mchana kweupe, ni ghushi.

Wa printa nao wasicheke. Aliyezikimbia dawa kwa ughali wake sasa anazibua matundu ya wino yaliyokauka, na nimemwona mmoja akiipeleka picha yake dirishani, kisha chini ya taa, kijivu chake kikigeuka kijani, kikigeuka zambarau, naye akiapa kwamba kasoro imo machoni mwangu.